Niwekee ya Kawaida

Mchapaji wa duka lililotazamana na lango la chuo aliitwa Pambizo, na jina hilo hakuliokota njiani. Ukimpelekea kazi yako, kabla hajasoma hata kichwa chake, anaweka rula kwenye skrini na kupima nafasi za pembeni. Kushoto sentimita nne, kulia mbili na nusu, juu tatu na chini tatu. Ikipungua kidogo tu anakutazama kana kwamba wewe ni mzazi aliyeleta mtoto shuleni hajanawa uso. Wanafunzi walimsengenya sana, lakini siku za kukabidhi kazi zikikaribia walipanga foleni kwake mpaka nje, kwa sababu kazi iliyopita mikononi mwa Pambizo haikuwahi kurudishwa kwa ajili ya sura yake.

Alasiri hiyo aliyekuwa mbele ya foleni alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mwalimu wa chekechea, ambaye chuo kizima kilimwita Shangazi. Alikuwa amefundisha watoto wadogo miaka ishirini na sita bila cheti cha maana, mpaka ilipokuja amri kwamba asiye na stashahada asishike chaki tena. Ndipo akarudi darasani, akakaa dawati moja na vijana ambao angeweza kuwa aliwafundisha kufunga kamba za viatu. Sasa miaka mitatu ilikuwa inaisha. Insha yake ndefu ya kuhitimu, kurasa arobaini na moja juu ya namna mtoto anavyojifunza kuhesabu, ilikuwa ndani ya kompyuta ya Pambizo, na mwisho wa kuipokea chuoni ulikuwa kesho yake saa sita mchana.

"Jalada lipo," Pambizo alisema, kidole kikishuka na skrini. "Ikisiri ipo. Yaliyomo nimeyanyoosha. Shangazi, shukrani ziko wapi?"

"Ni lazima?"

"Mwongozo unasema ukurasa wa tatu ni wa shukrani. Ukikosekana, namba zote zinahama na yaliyomo yanakuwa uongo."

Shangazi aligeuka akaitazama foleni. Walikuwa kama kumi na tano, kila mmoja na flashi mkononi, na kijana wa pili kutoka mbele alikuwa ameanza kuguna.

"Niwekee ya kawaida," alisema.

"Umeolewa?"

"Nimeolewa."

"Basi ninayo moja nzuri mno."

Akafungua faili, akanakili, akabandika, akapima pembeni kwa rula yake, printa ikaanza kukohoa. Nakala tatu zikabanwa kwa waya. Shangazi akazitia kwenye mfuko, akatoka bila kufungua hata moja.

Mtu atauliza, na ana haki ya kuuliza: mwalimu mzima, kurasa arobaini amezimudu, mistari mitano ya kushukuru imemshinda nini? Haikumshinda. Aliikwepa. Kuna jambo alilokuwa amelikalia mwaka na nusu, na ukurasa ule ulikuwa unamtaka ainuke.

Jambo lenyewe lilianza na insha yake ya kwanza ya maana, iliyorudi na wino mwekundu: "Mawazo mazuri. Mpangilio hakuna. Anza upya." Alirudi nayo nyumbani akalia juu ya vitunguu ili isijulikane analilia nini. Mume wake hakudanganyika. Alikuwa fundi cherehani, duka lake ni chumba cha mbele cha nyumba yao, na shule aliiacha darasa la tano. Alimwambia aje amsomee.

Akamsomea yote. Fundi alisikiliza macho yamefumbwa, tepu shingoni.

"Umeanza kushona kabla hujakata," alisema mwisho. "Hapa una kola, hapa una mkono, halafu mbele huko unaleta tena mkono. Nguo gani ina mikono mitatu?"

Akaondoa mezani kitambaa cha suti aliyokuwa anaikata. Akampa karatasi anazochorea vipimo, mkasi na kopo la pini. Kila wazo kipande chake, akamwambia, na usiunganishe kitu mpaka vyote viwe mezani unaviona. Walisimama pale wawili mpaka chakula kikapoa, wanasogeza vipande huku na huku. Kwa kila kimoja Fundi aliuliza swali lile lile: "Hiki kinashikwa na nini?" Kisichoshikwa na kitu aliking'oa akakiweka kando, hata kama mke wake alikipenda. Ilipofika mwisho insha ilikuwa imelala mezani nzima, kichwa mpaka miguu, na Shangazi akashangaa kwamba siku zote mpangilio aliousikia darasani ulikuwa ni kitu cha kushikika hivi.

Insha iliyofuata ilipata alama za juu kuliko zote. Mwalimu wa uandishi, mama mmoja mkali mwenye miwani ya kamba, alimwita mbele aonyeshe alivyoipanga. Shangazi akatandaza kitambaa chenye vipande vilivyobanwa pini. Darasa lote likasimama kuangalia.

"Nani amekufundisha hii?" mwalimu aliuliza.

Jibu lilikuwa na maneno mawili tu. Lakini mbele yake walikaa watoto wa mahakimu na wa madaktari, na yeye akamwona mume wake kama ambavyo wangemwona wao: nyuzi kwenye nywele, chaki kwenye suruali, darasa la tano. Haya ikampanda mpaka masikioni.

"Nimeisoma mahali, mwalimu."

"Mahali wapi? Tupe rejea."

"Nimekisahau kitabu."

Njia ya mwongo ni fupi, husema watu, ila wakati mwingine uongo hupewa njia ndefu ya lami. Mwalimu alivipenda vipande vile, akaanza kuwafundishia wengine, na akavipa jina: mbinu ya Shangazi. Darasa baada ya darasa likakata karatasi. Na mwalimu huyo huyo, kila mwanzo wa muhula, alisema sentensi ambayo Shangazi alikuwa ameiandika kwenye daftari lake na kuipigia mistari miwili: wazo lina mwenyewe, na usipomtaja umemwibia. Kila aliposikia hivyo aliinamisha kichwa akajifanya anatafuta kalamu.

Nyumbani hakusema. Fundi alipouliza vile vipande walivionaje, alimjibu kwamba wamevipenda. Ikamtosha. Alitembea na jibu hilo wiki nzima, akawa anapiga mluzi.

Ndiyo sababu alasiri ile, alipoingia dukani na mfuko wake, Shangazi hakuwa na furaha ambayo mtu aliyemaliza miaka mitatu angekuwa nayo. Fundi alikuwa anashona zipu. Jirani yao, fundi viatu, alikuwa amekaa kwenye benchi anangoja suruali yake, mguu mmoja juu ya mwingine, mdomo tayari.

"Imekwisha?" Fundi aliuliza.

"Imekwisha."

Alikwenda akanawa mikono kwa sabuni. Akarudi, akajipangusa, akapokea nakala moja kwa mikono miwili, na kitu cha kwanza alichofanya, kama Pambizo, akavuta tepu yake shingoni akapima pembeni.

"Kushoto ameachia zaidi."

"Ndipo waya unapopita," Shangazi alisema.

"Nafasi ya mshono." Fundi alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Huyu mtu anaijua kazi."

"Soma, tusikie," fundi viatu alisema. "Au kimeandikwa kwa ajili ya wasomi tu?"

Fundi akafungua. Jalada akalisoma, jina la mke wake akalirudia mara mbili. Ikisiri akairuka. Akafika ukurasa wa tatu, akakohoa kidogo, akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya serikali.

"Shukrani za pekee zimwendee marehemu mume wangu."

Akarudisha kidole mwanzo wa mstari. Cherehani ya mtu mtaa wa pili ilisikika. Shangazi akashika ukingo wa meza.

"Ala," fundi viatu alisema. "Tangu lini? Na mimi hata rambirambi sijatoa." Akamgusa Fundi begani kwa kidole kimoja. "Ila marehemu, suruali yangu umalize kwanza. Ya ahera utashona baadaye."

Fundi alicheka, na alicheka kweli, mpaka akafuta macho. Shangazi naye akajitahidi kucheka, sauti ikatoka kavu. Aibu ya maiti aijuaye ni mwosha, na hapa maiti alikuwa anacheka, mwosha ndiye aliyekuwa anakufa.

"Ni Pambizo," alisema haraka. "Amechanganya. Kesho asubuhi nampelekea arekebishe."

Lakini Fundi alikuwa ameendelea kusoma, sasa kimoyomoyo, midomo ikienda polepole. Alipofika mwisho alianza tena. 

"Hakukaa darasani pamoja nami," Fundi alisoma kwa sauti ya chini, "lakini kila ukurasa una mkono wake. Nilipokata tamaa alinirudisha mezani." Akainua macho. "Hilo neno marehemu ni la mchapaji. Haya mengine ni yako, sivyo?"

Hapo ndipo mahali pa kusema kweli. Angeweza kusema hapana, fundi viatu angetania, na jambo lingeisha kwa aibu ya saa moja. Lakini aliutazama uso wa mume wake. Miaka thelathini ya ndoa hakuwahi kuuona ukiwa hivyo, umelegea kama wa mtu aliyeitwa jina lake katika umati.

"Ndiyo," alisema.

Fundi alilaza nakala mezani. Akaichomoa karatasi ile kwenye waya taratibu asiichane. Akachukua chaki yake, akapiga mstari juu ya neno "marehemu". Kisha akaibandika ukutani kwa pini mbili, juu ya cherehani, mahali ambapo kila anayeinua kichwa kutoka kwenye sindano lazima aione.

Shangazi aliingia jikoni, akaosha vyombo vilivyokuwa safi. Alijiona mwizi, tena mwizi wa aina mbaya, anayeiba kwa mtu na kumrudishia mali ya mtu mwingine akipokea asante.

Asubuhi saa mbili alikuwa kwa Pambizo.

"Umeniulia mume," alimwambia.

Pambizo alishika kichwa. Ile shukrani, alieleza, ilikuwa ya mjane mmoja aliyehitimu miaka minne iliyopita. Nzuri kiasi kwamba alishindwa kuifuta, akaifanya yake, na kila anayetaka ya kawaida humwekea hiyo. Kwa walioolewa huwa anaondoa neno moja. Jana foleni ilimsumbua.

"Umewapa wangapi?"

"Kumi na moja, labda kumi na wawili. Hakuna aliyelalamika." Tayari alikuwa amefungua ukurasa. "Neno moja tu, shangazi yangu. Nalifuta, nachapa kurasa tatu, nabana upya. Dakika kumi."

Akalitia kivuli lile neno kwenye skrini, kidole kikakaa juu ya kitufe. Na kwa kweli lilikuwa jambo la dakika kumi. Nyumbani ukuta ungekaa na karatasi yake, Fundi angeisoma kila siku mpaka uzeeni, chuo kingetoa cheti, na mjane asiyejulikana aliko asingedai kitu. Hakuna ambaye angejua.

"Futa yote," Shangazi alisema.

"Yote?"

"Nipe mkasi na karatasi moja."

Alikaa kwenye benchi la wateja, akakata karatasi vipande, magoti yake yakawa meza. Foleni ilikuwa imeshaanza. Kijana aliyeguna jana alikuwepo.

"Shangazi, hata shukrani unaipanga kwa mbinu yako?" aliuliza kwa heshima tu, akitabasamu.

Mkasi ulisimama. Shangazi alihisi masikio yake yakipata moto kama siku ile.

"Mbinu si yangu," alisema. "Ni ya mume wangu. Ni fundi cherehani. Alinifundisha kwenye meza yake ya kukatia."

Alingoja. Hakujua anangoja nini; kicheko pengine.

"Ahaa," kijana alisema. "Ndiyo maana kuna pini." Akarudi kwenye simu yake.

Basi, ni hivyo tu. Msichana mmoja nyuma aliuliza kama fundi huyo anashona magauni. Hakuna mtoto wa hakimu aliyeanguka kwa mshangao. Na hapo, badala ya kupata nafuu, Shangazi aliona haya kuliko siku zote. Mwaka na nusu alikuwa amemficha mtu ambaye hakuna aliyemwonea haya ila yeye mwenyewe.

"Kama ni yake," Pambizo alisema kutoka kwenye skrini, maana masikio yake hayakupitwa na kitu, "shukrani haitoshi. Ukurasa wa tisa umeeleza namna ulivyopanga kazi. Hapo panataka rejea."

"Yeye si kitabu."

Pambizo akafunua mwongozo, kidole kikashuka. "Mazungumzo ya ana kwa ana. Jina, mahali, tarehe. Tarehe ni lini?"

Hakuijua. Alijaribu kukumbuka, akapata vitunguu, akapata suti iliyoondolewa mezani, tarehe hakuipata. Palikuwa na mtu mmoja tu wa kumuuliza, na asingeweza kumuuliza bila kumwambia inatakiwa kwa nini.

Nyumbani ni mwendo wa robo saa, akautembea kwa dakika kumi. Fundi alikuwa kwenye cherehani, karatasi ukutani juu ya kichwa chake. Shangazi hakukaa.

"Maneno yale ya ukutani si yangu," alisema kabla pumzi haijarudi.

Mguu wa Fundi uliacha kukanyaga. "Ya nani?"

"Ya mjane mmoja, simjui. Pambizo anayo kwenye kompyuta, anampa kila anayetaka. Mimi nilimwambia aniwekee ya kawaida." Akameza mate. "Na kuna lingine. Siku nilipoonyesha vile vipande darasani, mwalimu aliuliza nani amenifundisha. Sikukutaja. Nilisema nimesoma kitabuni."

"Kitabu gani?"

"Hakuna kitabu."

Fundi alitazama kitambaa kilichokuwa chini ya sindano. "Kwa nini?"

"Niliona haya."

"Kwa ajili yangu."

Angeweza kuipamba. Alikuwa na maneno ya kutosha, chuo kilimfundisha. "Kwa ajili yako," alisema.

Nyundo ya fundi viatu ilikuwa inagonga jirani, ikagonga mara nyingi. Fundi alinyanyuka, akachomoa pini mbili ukutani, akaikunja karatasi mara nne, akamkabidhi.

"Mrudishie mjane maneno yake."

Aliipokea. Hakulia, aliona hana haki hiyo.

"Nataka kuandika kwamba ni wewe," alisema. "Wanataka tarehe. Siku ile uliponipa pini."

 Kisha Fundi alifungua mtoto wa meza, akatoa daftari la vipimo, lile la mwaka juzi, akalamba kidole akalifunua. Vifua, viuno, mabega, urefu wa mikono ya nusu ya mtaa. Akasimama kwenye ukurasa mmoja, akaugeuza umwelekee mke wake. Juu kulikuwa na tarehe. Chini yake, kwa penseli, kwa mwandiko wa mtu wa darasa la tano: "Suti ya bwana harusi isogee kesho. Leo meza ya mwalimu."

Shangazi alivinakili vyote, tarehe na maneno. 

Fundi alikuwa amekwisha kukaa. Alitia uzi kwenye sindano, akaukosa, akautia tena.

"Majina yangu unayajua?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Nayajua."

"Yaandike yote matatu."

Saa tano na nusu alikuwa nyuma ya kiti cha Pambizo. Shukrani mpya ilikuwa ya mistari minne, imeshachapwa, na maneno ya daftari yakiwa ndani yake. Ilibaki ile rejea.

"Mwongozo unataka jina la mwisho na herufi ya kwanza," Pambizo alisema. "Haya matatu hapana. Watakukata alama mbili, shangazi."

"Wakate."

Pambizo alimtazama. Katika miaka yake yote hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Akaisukuma rula yake kando, akaanza kuchapa, na Shangazi akasimama pale pale akilisoma jina la mume wake likitokea, herufi kwa herufi, mpaka likaisha.